Vijiji Vilivyopendeza Bila Kukusudia

Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha kanzu kuukuu, kimeviringishiwa jiwe la ukubwa wa ngumi na kufungwa kwa kamba. Mzee aliyekishika alikuwa amechutama kwenye ukingo wa mfereji mwembamba wa maji, macho yake yako kwenye saa ya mkononi, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiogopa kumsemesha. Dakika ilipotimia alikichomoa kitambaa hicho kutoka kwenye tundu la ukuta wa mfereji, akachukua cha pili kilichokuwa kikubwa zaidi, akakishindilia kwenye mfereji wenyewe ili kuziba njia ya chini, na maji yakageuka pale pale yakaingia kwenye konde lake lenye mitende kumi au kumi na miwili. Ndipo aliponigeukia. Alikuwa amenisikia nikizungumza na binamu yangu, kwa hiyo hakupoteza muda na Kiarabu wala Kiingereza, aliniuliza kwa Kiswahili kisichokwama popote, "Wewe mwanangu, umetoka upande gani?"

Nilimwamkia, nikamwambia nimetoka Tanga. Alicheka, akasema Tanga aliipita mara moja tu ujanani, kwani yeye alizaliwa na kukulia Buyenzi, Bujumbura, ambako baba yake alikuwa na duka la nguo, na kwamba familia yao ilirudi Omani miaka ya 1970, baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga nchi. Kiarabu cha hapa, alisema, alijifunza akiwa tayari ameota ndevu. Sisi watu wa Mwambao tumezoea kukutana na Kiswahili Maskati, kwenye maduka na kwenye harusi za jamaa, na shangazi yangu anayeishi huko hupitisha wiki nzima bila kulazimika kusema lugha nyingine akiwa na mashoga zake. Kukikuta mlimani, kwa mtu anayemwagilia mitende, lilikuwa jambo jingine.

Kijiji hicho kinaitwa Misfat al Abriyeen. Kiko katika wilaya ya Al Hamra, kwenye mteremko wa milima ya Hajar, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Maskati kwa gari unapita Nizwa, na ikiwa ni asubuhi ya Ijumaa nakushauri usimame hapo uuone mnada wa mbuzi, ambapo wauzaji huzunguka duara na wanyama wao huku wanunuzi wakiwa wameketi ndani na nje ya duara hilo, wakimshika mbuzi mdomo na kiwele kabla ya kutaja bei. Kutoka Al Hamra barabara hupanda kwa kona kali, kisha gari huachwa nje ya kijiji na safari iliyobaki ni ya miguu, katika vichochoro ambavyo watu wawili wenye mizigo hawawezi kupishana. Mwaka 2021 Misfat kiliingizwa katika orodha ya vijiji bora vya utalii ya Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa, na tangu hapo picha yake, ile ya nyumba za udongo zilizopandiana juu ya mwamba na bahari ya kijani ya mitende chini yake, imekuwa ikizunguka duniani.

Kazi yangu ya ukalimani imenitupa huku na kule, na kwa kuwa mikutano hufanyika mijini, nimejijengea desturi ya kuongeza siku mbili tatu kila mkutano unapokwisha ili nikaone kijiji kimoja kinachosifiwa. Miaka ya mwanzo nilikwenda kama wengi wanavyokwenda, picha ikiwa kwenye simu, nikitafuta pale alipokuwa amesimama mpiga picha. Nikishapaona nilipiga yangu, nikanywa kahawa ya bei mbaya, nikarudi. Ilinichukua vijiji vinne au vitano kutambua kwamba nilikuwa nikirudi na picha ambazo tayari nilikuwa nazo. Siku hizi nikifika mahali nauliza swali moja tu, ama kwa mwenyeji ama kwa macho yangu mwenyewe: watu hawa walikuwa wakihangaikia nini? Sijakiona bado kijiji kizuri kilichojengwa ili kipendeze. Nilivyoviona vyote vilijengwa na watu waliobanwa, wengine na theluji, wengine na ukosefu wa maji, wengine na ukosefu wa mahali pa kumzikia maiti, na kile tunachokiita mandhari ni jinsi walivyojinasua.

Huko Misfat kinachobana ni maji na udongo. Nilimwuliza yule mzee kwa nini nyumba zimejengwa juu ya majabali makubwa namna ile, mahali ambapo hata mbuzi hupachagua pa kukanyaga, naye akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu hula kwa mdomo. "Udongo ni wa mitende," alisema. "Mtu atalala popote." Ukishalisikia hilo, kijiji kizima kinasomeka. Kila kipande kilicho tambarare, au kilichoweza kufanywa tambarare kwa kujenga ukuta wa mawe na kujaza udongo nyuma yake, kimepewa mtende, na chini ya mtende kuna mndimu, mkomamanga, mgomba, mpapai, na chini yao majani ya mifugo, kila kimoja kikiishi katika kivuli cha kilichokipita urefu. Binadamu amebakiziwa mwamba.

Maji nayo huja kwa falaji, yaani mfereji unaoyachukua kwenye chanzo chake mlimani na kuyateremsha kwa mwinamo mdogo kiasi kwamba ukiuangalia kwa jicho unadhani hauteremki. Omani ina falaji zipatazo 3,000 ambazo bado zinatumika, na mwaka 2006 tano kati yake ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Misfat si mojawapo ya hizo tano, na kwa maoni yangu hilo halikipunguzii kitu, kwani hapa unaweza kuuona mpango mzima kwa kutembea robo saa ukifuata mfereji kwa miguu. Maji yanapoingia kijijini ni ya kunywa kwanza. Yakishapita hapo ni ya kutawadhia na kuogea. Makonde hupata zamu yao baada ya watu. Zamu hiyo hupimwa kwa athari, ambayo ni karibu nusu saa, na mtu hurithi athari kama anavyorithi shamba, anaweza kuziuza, kuzikodisha au kuziweka wakfu kwa msikiti. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa nyota zilizochomoza juu ya mlima, na kila falaji ilikuwa na msimamizi wake, ambaye kazi yake ilihitaji uadilifu kuliko ya kadhi, maana kadhi huamua mara moja kwa mwezi na huyu huamua kila nusu saa. Sasa wengi hutumia saa ya mkononi.

Nilikaa usiku mmoja katika nyumba ya wageni iliyokuwa makazi ya familia zamani, godoro likiwa chini na taa ikiwa moja. Wageni wanaombwa kujisitiri mabega na magoti na kutoogelea kwenye maji yanayokwenda kunywewa, na bado niliwaona vijana wawili wakitumbukiza miguu kwenye birika la juu huku kibao cha kukataza kikiwa nyuma ya vichwa vyao, ndani ya fremu ile ile ya picha waliyokuwa wakipiga. Yule mzee hakuwakemea. Alisubiri waondoke, akachota kiganja cha maji, akayatazama, akayamwaga.

Kubanwa na theluji nilikuona Ogimachi, kijiji kikubwa zaidi cha bonde la Shirakawa katika mkoa wa Gifu, Japani, ambacho pamoja na vijiji viwili vya Gokayama kiliingia urithi wa dunia mwaka 1995. Nilifika mwezi wa Februari kwa basi kutoka Takayama, safari isiyotimia saa moja, na kandokando ya barabara theluji iliyosombwa ilikuwa imenizidi kimo. Mapaa ya hapo huitwa gassho, yaani viganja vilivyokutanishwa kwa sala, na jina linafaa, kwa kuwa paa huinuka kwa mwinamo unaokaribia nyuzi 60 ili theluji iteleze kabla uzito wake haujavunja nyumba. Yeyote aliyewahi kuezeka nyumba ya makuti atasimama chini ya paa hilo kwa heshima. Nilipandishwa darini na kuonyeshwa makombamoyo na fito zilizofungwa kwa kamba za nyasi na kwa vijiti vilivyolainishwa, bila msumari hata mmoja katika kiunzi cha paa, ili nyumba iweze kuyumba kidogo upepo ukija badala ya kukatika. Boriti kubwa za chini zimepinda, na wala si kwa urembo wa fundi. Ni miti iliyoota kwenye mteremko na kuinamishwa na theluji tangu ikiwa michanga, halafu seremala akaitafutia mahali ambapo kule kupinda kwake kungekuwa nguvu.

Dari hizo zilikuwa viwanda. Mashamba ya mpunga hayakutosha katika bonde lile jembamba, basi watu wakapanda miforosadi na kufuga viwavi wa hariri juu ya vichwa vyao, katika ghorofa mbili au tatu zilizo ndani ya paa, ambako joto la moto wa chini liliwafikia. Chini ya sakafu nako hakukuachwa bure: udongo ulichanganywa na majani na kinyesi cha viwavi, ukaachwa uoze kwa miaka, kisha ukatolewa shura ya kutengenezea baruti. Ukitazama kadi ya posta yenye nyumba hizo zikiwa zimefunikwa na theluji, taa za manjano madirishani, ukiambiwa kwamba unaangalia kiwanda cha hariri kilichokaa juu ya kiwanda cha shura, picha haiharibiki hata kidogo. Kwangu mimi ndipo ilipoanza kuwa picha.

Usiku niliokaa hapo, mama mwenye nyumba, aliyekuwa wa umri wa bibi yangu, aliwasha moto kwenye irori, shimo la mraba katikati ya sebule lisilo na bomba la kutolea moshi. Ndani ya dakika tano machozi yalikuwa yakinitiririka na nikajiona niko jikoni kwa bibi Muheza, pembeni ya mafiga, nikiambiwa nisogee upande moshi usikoenda. Mwenyeji wangu alinieleza kwa ishara na kwa mkalimani wa simu kwamba moshi ni chakula cha paa: hukausha nyasi, hufukuza wadudu, hukaza kamba. Nyumba isiyowashwa moto paa lake huoza mapema. Hata hivyo paa likitunzwa namna gani, ikifika miaka 30 au 40 sharti liezuliwe na kuezekwa upya, kazi ambayo familia moja haiiwezi, na ndiyo maana kukawa na yui. Hilo halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kiswahili: ni ujima, ni msaragambo wa Wapare, watu mia moja na zaidi juu ya paa moja kwa siku moja, ukijua fika kwamba mwakani nawe utakwea paa la mwingine.

Kijiji kile kilikaribia kutoweka. Bwawa la Miboro lilizamisha vitongoji vya juu ya bonde mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumba nyingine zikauzwa na kuhamishwa, vijana wakaenda mijini. Mwaka 1971 wakazi wa Ogimachi walikubaliana masharti matatu kuhusu nyumba na ardhi zao: kutouza, kutokodisha, kutobomoa. Nimeyafikiria masharti hayo mara nyingi tangu siku hiyo, hasa lile la kwanza, na nitalirudia nikifika Lamu. Anayetaka kwenda na aende katikati ya wiki, alale, na ajue kwamba zile jioni chache za majira ya baridi ambapo kijiji huwashwa taa hazifikiki bila kuhifadhi nafasi mapema.

Sasa Hallstatt. Kijiji hiki cha Austria ndicho kilichonikasirisha kuliko vyote, na ndicho ninachokifikiria zaidi. Nilikwenda mwezi wa Juni kwa treni kutoka Vienna, zaidi ya saa tatu, halafu boti ya kuvuka ziwa kwa kuwa kituo cha reli kiko ng'ambo, na kile kivuko cha dakika chache, mlima ukiwa umesimama wima nyuma ya nyumba na mnara wa kanisa ukijitazama majini, hakikunipa nafasi ya kupinga lolote. Tulipotia nanga ilikuwa saa tano asubuhi. Sikuweza kutembea; nilisukumwa. Wakazi hawafiki 800, na siku za kilele wageni wanaweza kufika 10,000, wengi wao wakishushwa na mabasi, wakipiga picha mahali pale pale na kuondoka ndani ya saa mbili. Mwezi Mei 2023 kijiji kilisimamisha uzio wa mbao kuikata mandhari hiyo inayopigwa picha, dunia ikalalamika mitandaoni, uzio ukaondolewa. Mwezi Agosti mwaka huo huo wenyeji wakaandamana na kufunga njia. Huko mkoani Guangdong, China, kampuni moja ilijenga Hallstatt ya pili, kanisa na uwanja wake, ikafunguliwa mwaka 2012. Kijiji ambacho mtu anaweza kukinakili kwa vipimo na kukijenga kando ya jiji lake ni kijiji ambacho tumekubaliana kwamba ni sura tu.

Nilichukua chumba, nikalala usingizi wa mchana kwa hasira, nikatoka jioni mabasi yalipokwisha kuondoka. Hapo ndipo Hallstatt iliponijia. Uzuri wake wote umetokana na chumvi iliyo ndani ya mlima, ambayo watu wameichimba kwa takribani miaka 7,000. Mwaka 1734 wachimbaji walikuta humo maiti ya mtu iliyohifadhiwa na chumvi, mwenzao wa kale aliyefukiwa na mgodi, na kuanzia mwaka 1846 msimamizi wa mgodi aliyeitwa Johann Georg Ramsauer alifukua makaburi yapatayo 1,000 yenye vitu vya thamani kiasi kwamba wanahistoria wakaipa enzi nzima ya Ulaya jina la kijiji hiki. Mgodini kuna ngazi ya mbao iliyopatikana mwaka 2003, ambayo miti yake ilikatwa mwaka 1344 kabla ya Kristo, vidato vyake bado vinakanyagika. Mwanzoni mwa karne ya 17 lilikamilika bomba la kupeleka maji ya chumvi hadi Ebensee, umbali wa kilomita 40, lililoundwa kwa magogo 13,000 yaliyotobolewa kwa mkono. Chumvi bado inatolewa hadi leo, na katika umati ule wa saa tano sikumsikia mtu hata mmoja akiitaja.

Nyumba zimepandiana kwa sababu hakuna ardhi kati ya mlima na ziwa, na ukosefu huo wa ardhi umewagusa hata wafu. Uwanja wa makaburi ni mdogo kama ua wa nyumba ya Uswahilini, hivyo kwa vizazi vingi kaburi lilifukuliwa baada ya miaka kumi au kumi na mitano ili kumpisha mwingine, fuvu likaanikwa mpaka likawa jeupe, kisha likachorwa maua na majani, likaandikwa jina, likapangwa katika chumba kidogo kando ya kanisa. Yako humo mafuvu yapatayo 1,200, na kiasi cha nusu yake yamepakwa rangi. La mwisho liliwekwa mwaka 1995. Mimi ni mtu wa sanda na mwanandani, na nilitegemea kuchukizwa. Badala yake nilisimama mbele ya fuvu lililozungushiwa maua ya waridi, jina la mwanamke likiwa kwenye paji, nikaona jinsi mkono uliochora ulivyotulia kwenye kila jani, na nikatoka nje kimya.

Vijiji vya Cinque Terre, kwenye pwani ya Liguria nchini Italia, niliviona kwa haraka na sitajifanya navijua. Ni vitano, Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, vyote vimening'inia juu ya bahari, na viliingia urithi wa dunia mwaka 1997, mwaka mmoja na Hallstatt. Watu hupiga picha nyumba zake za rangi. Mimi naomba mgeni ageuze shingo aangalie mlima, ambako wakulima walijenga kuta za mawe matupu, bila chokaa wala saruji, mstari juu ya mstari, ili wapate vishubaka vya udongo vya kupandia mizabibu. Kuta hizo ndizo zinazoushika mlima, na kazi yake haikomi, kwa kuwa jiwe likidondoka leo na lisirudishwe, mvua ijayo huchukua mengine kumi. Watoto wa wakulima wale wamepata kazi mahotelini, na nani angewalaumu. Sehemu kubwa ya kuta imeachwa. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa iliyaporomosha matope hadi katikati ya Vernazza na Monterosso, yakafunika milango ya maduka, na watu wakafa. Mvua ilikuwa ya ajabu, hilo ni kweli. Wazee wa pale hutaja pia kuta.

Nimeahidi kurudi kwenye sharti la kutouza, na linanileta nyumbani Mwambao, Shela, kijiji kilicho mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kutoka mji wa Lamu, ukifuata ufuo. Nyumba za mawe za Shela na za Amu, yaani mji wenyewe wa Lamu, zimeingia katika majarida mengi ya mapambo, na waandishi wake husifu vyumba virefu vyembamba kana kwamba ni ladha ya mchoraji. Muulize mwashi yeyote. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kulegea, basi chumba nacho hakiwezi kupanuka kuliko mti uliokatwa kwenye mikandaa. Kikitaka ukubwa kinarefuka. Kuta ni nene kwa sababu ya jiwe la matumbawe na chokaa, unene unaozuia joto na kuruhusu zidaka kuchongwa ndani yake, na daka la mlangoni, kile kibaraza cha kuketi wageni, lipo kwa kuwa mgeni hawezi kuachwa juani wala hawezi kuingizwa ndani moja kwa moja. Kilichombana mjenzi ni urefu wa mkoko, na ndani ya mbano huo akaishi kwa adabu.

Nyuma ya Shela kuna machuguu ya mchanga ambayo wageni hupanda jioni kutazama jua likizama, na wachache wao huambiwa kwamba wamesimama juu ya tangi. Mvua hunywewa na mchanga huo, hukaa chini yake kama maji matamu juu ya maji ya chumvi, na visima vinavyonywesha mji wa Lamu huchota hapo. Kujenga juu ya machuguu hayo ni sawa na kumwaga saruji kwenye kisima, na wenyeji wamelipigania hilo kwa miaka mingi. Walichoshindwa kuzuia ni mauzo ya nyumba. Nyingi zimenunuliwa na watu kutoka Ulaya, zimekarabatiwa kwa pesa ambayo mwenyeji hana, na kwa kweli zimekarabatiwa vizuri, na mafundi wa Amu wamepata kazi na wanafunzi. Zimefungwa miezi mingi ya mwaka. Nilipita kichochoro kimoja baada ya Isha, nikahesabu milango tisa, taa ilikuwa inawaka nyumba mbili. Rafiki yangu mmoja wa huko, mwenye mjomba aliyeuza nyumba, hakubali kulaumiwa: nyumba ya mawe isiyopakwa chokaa huanguka, na mjomba hakuwa na chokaa. Sina jibu la kumpa, ila nayakumbuka yale masharti matatu ya Ogimachi na kujiuliza nani aliwalipia nyasi. Jibu ni kwamba sehemu kubwa hulipiwa na serikali na fedha za wageni, kwa hiyo ile kutouza ya Wajapani iliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kushikia.

Misfat walichagua njia yao. Familia kadhaa zilihamia nyumba mpya za saruji nje kidogo ya kijiji, zikaacha za udongo, na badala ya kuziuza wakazi waliunda kampuni ya kijiji inayokarabati nyumba na kuendesha malazi, ikiwa chini ya watu wa hapo hapo. Nilimwuliza yule mzee kama anafaidika. Alisema mjukuu wake huwaongoza wageni na anapata riziki nzuri, na kwamba mjukuu huyo anajua kuyaeleza maji ya falaji kwa lugha tatu lakini hajawahi kuamka usiku kuyageuza.

Tulikaa ukingoni tukizungumza habari za Buyenzi, za ndagala za Tanganyika na za mwalimu wake wa chuoni aliyekuwa na mkono mzito, huku maji yakizunguka mtende mmoja baada ya mwingine na kutoa sauti ile ya kiu inayokatika. Kabla saa yake haijatimia alitokea kijana mwembamba akiwa na msuli uliokunjwa hadi magotini na kitambaa chake mwenyewe mkononi, jiwe likiwa ndani, kamba imefungwa vizuri. Mzee aliniambia kwamba ni Mbangladeshi, kwamba konde la chini ni la mtu anayeishi Maskati na huja Ijumaa, na kwamba kijana huyu ameliangalia kwa miaka sita. Walisalimiana kwa Kiarabu kilichovunjika pande zote mbili. Kijana alichutama upande wa pili wa mfereji na kutazama, si saa, bali kivuli cha ukuta kilichokuwa kikipanda kwenye jiwe lenye alama, na kilipoligusa alinyanyua kidole kimoja. Mzee akaitazama saa yake, akatikisa kichwa kukubali, akakichomoa kile kitambaa kikubwa, na maji yakateremka kwenda kwa kijana.